Vyumba Viwili na Mume wa Mkataba

Wasomaji wangu, wiki iliyopita mliniacha juu ya stuli, pini tatu mdomoni, pazia la chumba cha mwanangu limening'inia nusu, na mtu anagonga mlango.

Nilidhani ni mwenye nyumba. Lakini yeye hugonga kwa bonge la funguo, na huyu aligonga kwa vidole, taratibu, kama mtu aliyefundishwa adabu kazini.

"Nani?"

"Afisa ustawi."

Nusura nimeze pini.

Kwa wale mlionikuta njiani, niseme kwa kifupi. Mimi ni fundi mapazia. Nina mtoto mmoja, wa kike, miaka tisa. Baba yake tuliachana, akamchukua mtoto wakati mimi nimelazwa hospitali, na nilipotoka akasema hawezi kumrudisha kwenye chumba kimoja ambamo kitanda, jiko na cherehani vinapigana vikumbo. Tukafikishana ustawi wa jamii. Afisa akasikiliza pande zote mbili, akanipa karatasi: mtoto atarudi kwangu siku nitakayokuwa na nyumba yenye chumba chake mwenyewe, kina kitanda na kina mlango. Nikapewa miezi mitatu. Wiki iliyopita nikawasimulia nilivyoipata nyumba hiyo: vyumba viwili vya kulala, sebule na jiko, ghorofa ya tatu, maji yanatoka karibu kila siku.

Nikawaambia pia kwamba dalali ndiye aliyenishauri nimdanganye mwenye nyumba.

Huo ulikuwa uongo. Dalali wa watu hakuhusika kabisa. Alichosema ni kwamba mwenye nyumba hapangishi mwanamke asiye na mume, akageuka twende zetu tukaangalie kwingine. Mimi ndiye niliyemshika mkono nikamwambia, "Lakini mume ninaye. Yuko safarini tu."

Wiki nzima jambo hili limenikaba kooni. Nimelitema, na anayetaka kunihukumu anihukumu.

Sasa mume nilimtoa wapi? Kaka yangu. Tumetoka tumbo moja, ila baba zetu mbalimbali, kwa hiyo hata majina ya ukoo hayalingani. Ni kinyozi, ana kiti chake kimoja na kioo chake kimoja upande wa pili wa jiji. Tangu utotoni tunamwita Tajiri, kwa sababu hajawahi kuimaliza wiki na kitu mfukoni.

"Dada, umechanganyikiwa," aliniambia nilipompelekea habari. "Mimi niwe mume wako? Mama angekuwa hai angetuchapa wote wawili."

"Mama angekuwa hai angekuja kukaa na mjukuu wake, nisingekuomba wewe."

Akazima mashine, akampangusa mteja shingo.

"Nitasema kazi yangu nini?"

"Dereva wa malori ya mbali. Ndiyo maana huonekani."

"Mimi hata baiskeli inanishinda."

"Huendi kuendesha, kaka. Unakwenda kutia sahihi."

Mwenye nyumba ni mama mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, anakaa ghorofa ya chini, dirisha lake linatazama geti. Wapangaji wote wanamwita Mkuu, na ni watu wazima wenye ndevu zao. Ana sharti moja ambalo sijalikuta kwenye nyumba yoyote niliyowahi kutundika mapazia, na nimetundika nyingi. Mkataba wake haukamiliki bila picha ya mume na mke wamesimama pamoja. Anaibandika ukurasa wa kwanza, anaigonga muhuri, nusu ya muhuri kwenye karatasi, nusu kwenye nyuso zenu.

"Nimechoshwa na binamu na wajomba wa kuazima," alituambia. "Mtu anaweza kusema chochote. Picha inabaki."

Basi tukaenda studio, mimi na kaka yangu wa tumbo moja, tukapigwa picha ya ndoa.

"Sogeleaneni kidogo," mpiga picha alisema. "Mbona kama mmetoka kugombana? Bwana, mwekee mkeo mkono begani."

Tajiri akaniwekea mkono kama anaweka mzigo wa watu. Mimi nikatabasamu kwa meno tu.

Mkuu aliitazama ile picha muda mrefu, miwani imeshuka puani.

"Mnafanana," akasema.

"Ndivyo watu wanavyotuambia," Tajiri akajibu, mshenzi yule, bila kupepesa.

Baada ya hapo nilidhani kaka atarudi kwenye kiti chake cha kunyolea, mambo yaishe. Thubutu! Ilibidi aonekane onekane, kwa hiyo kila Jumapili alikuja, na kila alipokuja, Mkuu alizidi kumpenda. Kaka alimbebea mtungi wa gesi. Alimtengenezea geti lililokuwa likilia kama paka. Mwezi wa pili wapangaji walipokaa kikao cha kuzungumzia pampu ya maji, wakamchagua mwenyekiti! Mimi niliyelala humo siku zote nikaambiwa nikaandae viti.

Na mimi nikazidi kumkaririsha. "Ukiulizwa na mtu wa jengo hili, awe nani, wewe ni mume wangu wa ndoa. Usisite, maana ukisita mara moja tu, mtoto amekwenda."

"Dada, hata wakinifunga kamba."

Alikula kiapo, mkono kifuani. Nilimwamini, na kweli hakunivunja moyo. Mtaona.

Turudi mlangoni. Nilitema pini, nikafungua. Afisa ustawi ni binti mdogo kwangu, viatu vimeisha visigino kwa kutembea nyumba za watu, jalada kalikumbatia.

"Tulisema Jumamosi, binti yangu," nikamwambia.

"Najua, mama. Kuna jambo limeharakisha. Tumalize kwanza ukaguzi, halafu nitakwambia."

Nilipaswa kuuliza ni jambo gani. Sikuuliza. Nilikuwa na haraka ya kumwonyesha chumba.

Alikikagua kweli, si utani. Alifungua dirisha akapima na kiganja kama kichwa cha mtoto kinapita kwenye nondo. Alifunga mlango, akaufungua kutoka ndani. Alikaa juu ya kitanda, akabonyeza godoro.

"Bado lina nailoni."

"Nimemwachia aitoe mwenyewe."

Akaitazama meza iliyo chini ya dirisha. "Na hii?"

"Ya kusomea. Ndiyo nilikuwa nakatia vitambaa. Siku hizi nakatia sakafuni."

Akaniangalia, akatabasamu kidogo, akaandika. Mimi nilijisikia kama mtoto aliyesifiwa darasani. Miezi mitatu hakuna mtu aliyekuwa ameniambia nimefanya jambo sawa.

"Unaishi na nani humu, mama?"

"Peke yangu."

"Hakuna mtu mzima mwingine?"

"Hakuna."

"Nakuuliza tena kwa sababu ni mtoto wa kike. Baba yake ameandika barua kwamba kwako kuna mwanamume. Akiwepo, si kosa. Ila lazima nimjue, nimhoji, nichukue taarifa zake. Ndiyo kazi yangu."

"Mwache aandike barua mpaka wino umwishie. Nakaa peke yangu. Andika hapo."

Akaandika. Akanisogezea karatasi, nikatia sahihi. Ulikuwa ukweli mtupu. Ningeweza kumwambia hapo hapo: kuna jambo moja, binti yangu, kuhusu mkataba. Lilinijia hadi kwenye ulimi. Nikalimeza.

Kisha akaandika mstari wa mwisho, na mimi nikausoma juu chini kutoka upande wangu wa meza. Mazingira ya makazi yanaridhisha.

Machozi yalinitoka yenyewe. Nilijifanya nina mafua.

"Imebaki sahihi ya mwenye nyumba tu," akasema. "Athibitishe kwamba wewe ni mpangaji halali."

"Hayupo!" nikadakia. "Amesafiri. Amefiwa."

Nilikuwa sijamaliza kumfiwisha watu, funguo zikagonga mlango.

"Nimeona gari la serikali getini kwangu," Mkuu alisema akiingia, anahema kwa ngazi. "Kuna nini? Nani ameshtaki?"

"Hakuna aliyeshtaki, mama," afisa akamjibu. "Nataka kuthibitisha tu. Huyu ni mpangaji wako?"

"Huyu? Wangekuwa wote kama yeye ningeishi miaka mia. Yeye na mumewe."

Kalamu ikasimama.

"Yeye na nani?"

"Mumewe. Dereva wa malori. Kijana ana adabu, jamani! Geti lile umeingilia, nani kalitengeneza? Mwenyekiti wetu wa wapangaji huyo."

Nilimkonyeza Mkuu. Nilimkonyeza mpaka kope likauma.

"Una nini jichoni, mwanangu?" akaniuliza kwa huruma. "Nenda kalioshe."

Afisa hakunitazama. "Mama, una mkataba wao?"

"Nina mkataba? Mimi nisiwe na mkataba?"

Akashuka, akapanda. Zile dakika ambazo ngazi zilimchelewesha, afisa alipitia jalada lake na mimi nikainama kuokota pini nilizotema. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikaendelea kuokota pini.

Mkataba ukawekwa juu ya meza ya mwanangu. Ukurasa wa kwanza, mimi na Tajiri, bega kwa bega, muhuri umetugawana.

"Mama," afisa akasema, na safari hii alinitazama, "huyu ni nani?"

Wasomaji wangu, pigeni hesabu wenyewe. Nikisema ni mume, nimetia sahihi uongo mbele ya serikali dakika ishirini zilizopita, na mtoto simpati. Nikisema ni kaka, mwenye nyumba yuko hapa anasikia, nyumba sina, na bila nyumba mtoto simpati. Nilitafuta uongo wa tatu. Mimi, bingwa wa uongo, siku hiyo nilikosa.

"Ni kaka yangu," nikasema.

Mkuu akakaa juu ya kitanda cha mwanangu. Nailoni ikalia chini yake.

"Kaka yako?"

"Kaka yangu, Mkuu. Tumbo moja."

"Yarabi toba!" Akashika kifua. "Kaka yako! Ndani ya nyumba yangu! Na mimi kwa mdomo wangu nikasema mnafanana!"

"Si hivyo, Mkuu! Halali hapa! Hajawahi kulala hapa hata siku moja!"

"Siku moja? Kila Jumapili namwona anapanda na mkate mkononi!"

Nilieleza yote. Nililia, nikapiga magoti, nikaeleza tena. Hospitali, chumba kimoja, karatasi ya ustawi, sharti la mume, studio. Nilimwambia Mkuu kwamba nyumba kumi na nne zilinifungia mlango kabla ya yake kwa kosa la kutokuwa na mwanamume, na yeye alikuwa wa kumi na tano. Hilo halikumfurahisha.

Afisa ndiye aliyesikiliza. Nilimwona usoni kwamba anataka kuniamini.

"Unaweza kuthibitisha ni kaka yako? Vitambulisho?"

"Majina ya ukoo ni tofauti. Baba zetu mbalimbali."

"Mama yenu?"

"Tulimzika. Mwaka wa nne sasa."

Akafikiri. "Mpigie simu. Weka sauti tusikie wote. Nitamwuliza mimi, na wewe usimwambie neno."

Moyo ulinirudi. Tajiri anamjua afisa kwa sifa, anajua kesi yote. Akisikia tu ni ustawi, atasema ukweli, tumekwisha. Nilibonyeza namba, nikaweka simu juu ya meza.

Ikaita. Ikapokelewa. Kabla afisa hajafungua mdomo, Mkuu aliinuka kitandani na kuidaka ile simu.

"Baba! Ni Mkuu hapa! Nijibu neno moja tu, kwa Mungu wako. Huyu mwanamke ni nani wako?"

Nyuma ya kaka, mashine ya kunyolea ilikuwa inanguruma.

"Mke wangu, Mkuu! Kwani kuna nini?"

"Kaka!" nikapiga ukelele. "Sema ukweli!"

"Nani huyo anapiga kelele? Mkuu, usimsikilize mtu. Huyo ni mke wangu wa ndoa, mwaka wa sita huu, na atakayesema vingine tutakutana naye mahakamani! Samahani, niko barabarani, tunapanda mlima."

"Mnasikia?" Mkuu akasema, anatuonyesha simu. "Injini hiyo. Lori lake hilo."

Simu ikakatika.

Simlaumu kaka yangu. Kila neno alilosema nilimfundisha mimi. Ila siku ile, haki ya Mungu, kama angekuwa karibu ningemnyoa kwa mkasi wa mapazia.

Nilimtumia ujumbe, nikampigia tena, hakupokea. Bila shaka alikuwa anajipongeza.

Afisa alichukua kalamu. Ule mstari wa mwisho, wa mazingira yanaridhisha, akaukata kwa kalamu, polepole, kama naye unamuuma. Akafunga jalada.

"Angekuwa mume, ningemhoji, tukaendelea," akasema. "Angekuwa kaka, vilevile. Mimi sikutaka uwe peke yako, mama. Nilitaka tu nijue ni nani anaingia humu. Sasa sijui hata nimwandike nani."

"Niandike mimi. Niandike mimi ni mwongo, lakini mtoto nipe."

"Na mimi nataka funguo zangu," Mkuu akasema. "Leo. Kabla sijaita watu."

"Mama mwenye nyumba, ngoja kidogo," afisa akamwambia. Akanigeukia mimi. "Hukuniuliza ni jambo gani limeharakisha."

Nilitikisa kichwa tu.

"Jana baba yake alimleta ofisini. Na begi. Mkewe amejifungua, anasema nyumba imekuwa ndogo, mtoto achukuliwe na anayemtaka. Ametia sahihi ya kumwachia. Jana amelala makao ya watoto, kitanda kimoja na mwenzake. Nikasema leo asubuhi na mapema nimalize karatasi, nimpandishe juu, alale kwake."

"Umpandishe?" nikasema. "Yuko wapi?"

"Kwenye gari. Na dereva."

Nilikwenda dirishani, ile nusu ya pazia ikanizuia, nikaivuta mpaka ikang'oka na waya wake. Chini getini gari lilikuwepo, mlango wa nyuma uko wazi. Dereva alikuwa amesimama kivulini anaongea na simu. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

"Kwa baba yake hawezi kurudi," afisa aliendelea nyuma yangu, sauti imeshuka. "Na hapa, kwa hali hii, siruhusiwi kumwacha. Kuna makao tu. Naomba unielewe, mama. Na naomba asituone hivi. Jipanguse, nitashuka nimwambie kwamba—"

Hakumaliza. Ngazini kulikuwa na hatua ndogo ndogo, na kitu kizito kinaburutwa, kinagonga kila kidato.

Miezi saba sikuwa nimemwona. Alikuwa amerefuka, shingo imekuwa nyembamba, nywele wamemnyoa zote. Begi lilikuwa kubwa kuliko yeye. Alisimama kizingitini, akatutazama watu wazima watatu, mmoja mmoja, akamsalimia Mkuu kwanza, "Shikamoo bibi," kwa sababu nilimlea vizuri, kisha akaja kwangu. Hakunikumbatia. Alinishika gauni tu, ubavuni, akakaza ngumi.

"Mama," akasema, "chumba changu ni kipi?"

Tulikuwa tumesimama ndani yake.

Nikamtazama afisa. Afisa alikuwa ameinamia jalada, hanitazami. Nikamtazama Mkuu, mkataba uko mkononi mwake, bonge la funguo mkono wa pili, uso umekaza kama wa siku ya mtihani. Alimwangalia mtoto tangu kichwa kile kilichonyolewa mpaka viatu. Kisha akaniangalia mimi.

"Mjibu mtoto," akasema.